Meneja anakata "will" na "would" kila ninapoandika "if". Mantiki yake ni ipi?

Mapokezi Mji Mkongwe

Assalaam alaykum wanajukwaa. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli ndogo hapa Unguja. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kujibu barua pepe za wageni kabla hawajafika: nani atawapokea uwanja wa ndege, boti ya Dar inaondoka saa ngapi, chumba kitakuwa tayari lini. Tumepata meneja mpya, na barua zangu anazirudisha na wino mwekundu. Makosa mengine nayaelewa, lakini hili la "if" linanishinda. Sentensi zenyewe ni kama hizi:

*If you will arrive after midnight, the guard will open the gate for you.*
*If we would have a sea-view room, we would give it to you.*
*If you would have told us earlier, we would have sent the driver.*

Ya kwanza kakata "will" na kuandika "If you arrive". Ya pili kaandika "If we had". Ya tatu "If you had told us". Maelezo hakuna, ana mambo mengi.

Mimi nauliza hivi. Mgeni anafika kesho, kwa nini kitenzi kiwe cha leo? Na chumba sina leo hii, kwa nini niandike "had" kama vile nasimulia ya mwaka jana? Tena wageni wa Kimarekani nawasikia kwa masikio yangu wakisema "If I would have known". Na Muingereza mmoja mtu mzima alimwambia mwenzangu "If you'll wait here, I'll get my passport". Kwa hiyo wao wakitia "will" baada ya "if" ni sawa, nikitia mimi ni kosa?

Skuli tulisomeshwa aina ya kwanza, ya pili na ya tatu, na majedwali yake yote. Sitaki jedwali. Nataka mtu anieleze kwa nini.

Bin Kilindini

Dada, salaam kutoka Mombasa. Usijisumbue sana. Upande wenye "if" usitie "will" wala "would", basi. Mwalimu wetu alituambia hivyo shuleni na KCSE tukapita nayo. Meneja wako yuko sawa.

Mwalimu wa Chumbageni

Wa alaykum salaam binti yangu. Nimefundisha Kiingereza sekondari hapa Tanga hadi nikastaafu, na swali lako ndilo ambalo nilitamani wanafunzi wangu wangeliuliza badala ya kunakili ubaoni. Bin Kilindini amekupa dawa ya haraka. Itakuvusha kwenye barua nyingi, lakini haijibu "kwa nini", na kuna mahali itakuangusha. Nitafika huko.

Anza na Kiswahili chako, maana kosa linatokea hapo. Unasema: *Tungekuwa na chumba tungekupa.* Angalia, "-nge-" imekaa pande zote mbili. Upande wa sharti na upande wa jibu wamevaa sare moja. Ukienda kwenye Kiingereza na mazoea hayo, utatafuta neno la kufanana na "-nge-", utaambiwa ni "would", nawe utaliweka pande zote mbili kwa sababu ndivyo sikio lako linavyotaka. Ndiyo sentensi yako ya pili hiyo. Haikutokana na uvivu wala na kutosoma. Imetokana na wewe kukijua Kiswahili vizuri.

Kiingereza hakiwavishi sare. "Would" anakaa upande wa jibu peke yake. Upande wa sharti unafanya kazi nyingine: unarudi hatua moja nyuma katika wakati.

Hiyo hatua ndiyo siri yote. Jambo linalowezekana kabisa, mgeni huenda akafika usiku, unatumia wakati uliopo: *If you arrive after midnight.* Kesho yake imeshajulikana kutokana na "will" iliyo upande wa jibu, kwa hiyo upande wa sharti haurudii. Jambo ambalo leo si kweli, chumba huna, unarudi hatua moja: *If we had a sea-view room.* Hiyo "had" haisemi habari za mwaka jana. Inasema "tuko mbali na ukweli". Ukitaka ushahidi, ongeza neno "tomorrow" uone kama sentensi itavunjika:

*If we had a sea-view room, we would give it to you tomorrow.*

Haivunjiki. Mwingereza hashtuki. "Had" na "tomorrow" vimekaa pamoja kwa amani, kwa sababu umbo lililopita hapa limeazimwa kuonyesha umbali wa jambo, muda haulihusu.

Sasa jambo ambalo kweli limepita na haliwezi kubadilika. Kama leo isiyo kweli ilishachukua umbo la jana, jana isiyo kweli ichukue nini? Inabidi irudi hatua nyingine: *If you had told us.* Na jibu nalo linarudi kwa njia yake: *we would have sent.* Hizo ndizo aina zako tatu za skuli. Hazikuwa tatu zenye sheria tatu. Ni sheria moja iliyopiga hatua.

Kuna jambo jingine ambalo naliona kubwa zaidi kwa kazi yako. Kiswahili cha leo hakitulazimishi kuchagua. Vitabu vya sarufi vinatuambia "-nge-" ni ya sasa na "-ngali-" au "-ngeli-" ni ya yaliyopita, lakini sikiliza watu sokoni au redioni: "-nge-" inabeba vyote. Ukisema *Ungetuambia mapema tungempeleka dereva*, anayekusikia anajua kutokana na hali yenyewe kama gari bado linaweza kwenda au mgeni alishapanda teksi akafika. Kiingereza hakikubali. Ni lazima uamue kabla hujafungua mdomo:

*If you told us your flight number, we would send the driver.*
*If you had told us your flight number, we would have sent the driver.*

Ya kwanza, ndege bado haijatua na mlango uko wazi. Ya pili, jambo limekwisha. Mgeni aliyesimama uwanja wa ndege akasubiri bure, ukimwandikia ya kwanza atadhani unamkejeli. Kwa hiyo usianze kwa kujiuliza "hii ni aina ya ngapi?" Jiulize kwanza: inawezekana kabisa, iko mbali na ukweli, au imeshapita? Ukishajibu, kitenzi kinajichagua chenyewe.

Na kwa kuwa unaandikia wageni, niongeze hili ingawa si sarufi. *If you had told us earlier* ni sahihi, lakini inamnyooshea mgeni kidole. Ukitaka kuomba radhi, geuza mtenda: *Had we known, we would have sent the driver.* Hapo "if" imeondoka na "had" imetangulia. Maana ni ileile, adabu ni zaidi.

Mapokezi Mji Mkongwe

Shikamoo mwalimu. Wallahi hii ya kurudi hatua nyuma hakuna aliyewahi kuniambia. Nilikuwa nadhani "had" ni ya jana tu.

Lakini hujanijibu wale wageni. Wanasema "will" na "would" baada ya "if", nimewasikia. Na jengine: "ukifika" niandike "if you arrive" au "when you arrive"? Meneja mara anabadilisha, mara anaacha.

Njia ya Machame

Dada, hilo la "if" na "when" naomba nichangie kabla mwalimu hajarudi. Mimi ni mwongoza watalii Moshi, napandisha wageni Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Usiku wa kuamkia siku ya kupanda huwa tunawapa wageni maelezo ya mwinuko, dalili za kuumwa na utaratibu wa kushusha mtu. Kijana mmoja mwenzetu, mzuri sana kazini, aliwaambia wageni tukiwa kambi ya Barafu:

*When you get sick, I will take you down.*

Kichwani mwake alikuwa anasema "mkiumwa nitawashusha". Mama mmoja wa Kijerumani akaweka chini kikombe cha chai akauliza, "So we will all get sick?" Ilibidi kiongozi wetu mkuu aingilie aeleze upya. Usiku ule watu wanahitaji kulala mapema, maana safari ya kileleni inaanza karibu na saa sita usiku, na hofu kama ile inamkosesha mtu usingizi kabisa.

Tangu hapo vijana wapya tunawaeleza hivi: "-ki-" yetu inabeba vyote viwili, mgeni havibebi. Jambo lenye uhakika ni "when": *When we reach Stella Point, we will rest for a few minutes.* Jambo lisilo na uhakika ni "if": *If you get a headache, tell me immediately.* Maumivu ya kichwa yanaweza yasije. Stella Point ipo kwenye njia.

Mwalimu wa Chumbageni

Marahaba binti. Na wewe kijana wa Machame, mfano wako ningekuwa nao enzi nafundisha ningeutumia kila mwaka. Sina la kuongeza hapo, ila kwamba "when" nayo inafuata sheria ileile ya wakati: *when we reach*, kamwe *when we will reach* mnapozungumzia safari ya mbele. Vivyo hivyo "until", "before", "after" na "as soon as". *Please wait until the driver will come* ni sentensi ninayoiona kwenye matangazo mpaka leo. Ni *until the driver comes*.

Sasa wageni wako. Nilikuahidi kwamba dawa ya Bin Kilindini kuna mahali itakuangusha.

Yule Muingereza hakukosea. *If you'll wait here* haina maana ya "kama utasubiri kesho". Maana yake ni "ukiwa tayari kusubiri", "ukiniridhia". "Will" pale ni ya hiari ya mtu, si ya wakati ujao. Ndiyo maana wewe mwenyewe pale mapokezi unaweza kumwambia mgeni *If you will follow me, I will show you to your room*, na ni Kiingereza chenye heshima. "Would" pia huingia hivyo: *If you would sign here, please.* Kipimo chake ni chepesi. Badilisha iwe "ukikubali kufanya" uone kama maana inabaki. *If you will follow me*: ukikubali kunifuata, sawa. *If you will arrive after midnight*: ukikubali kufika baada ya saa sita usiku? Ndege haimuulizi mtu kama amekubali. Kwa hiyo hapo "will" inatoka.

Mahali pa pili ni pale "if" si sharti hata kidogo. *I do not know if the boat will leave tomorrow.* Sijui kama boti itaondoka kesho. Hiyo "kama" ni ya swali lililofichwa, haimwekei mtu sharti lolote. Hapo "will" ni lazima, na ukiikata kwa sababu uliambiwa "if" haikai na "will", umeharibu sentensi nzuri. Weka "whether" badala ya "if"; ikikubali, basi si sentensi ya sharti na sheria yetu haiihusu.

Kuna mahali pa tatu, adimu, nakutajia kwa sababu naona una njaa ya kujua. *If it will help you, I can phone the airline now.* Hapa msaada unakuja baada ya simu. Kawaida sharti hutangulia na jibu hufuata. Hapa sharti ndilo tokeo. Wenyewe huiacha "will". Usiitafute kwa nguvu, ukikutana nayo utaijua.

Wamarekani. Ni kweli wanasema *If I would have known*, na hujasikia vibaya. Ni mazungumzo, na huko Marekani yameenea sana. Lakini mhariri makini wa hukohuko akiikuta kwenye maandishi ataandika *If I had known*, kama alivyofanya meneja wako. Mgeni akizungumza nawe barazani ana haki ya kuzungumza anavyotaka, kama sisi tunavyosema mambo barazani ambayo hatuyaandiki kwenye barua ya posa. Barua ya hoteli ni maandishi, na anayeisoma anaipima hoteli nzima kwa hiyo barua. Sisi wa lugha ya kujifunza tunapimwa kwa ukali zaidi kuliko wao, na mimi hilo silioni kuwa ni haki, lakini ndilo lililopo, na sitaki likukoseshe kazi.

Ila si kila "would" uliyoisikia ilikuwa "would". Wanakata maneno. *If I'd known, I'd have called.* Masikioni "'d" zote mbili zinafanana. Ya kwanza ni "had", ya pili ni "would". Utazitenganisha kwa kuangalia kinachofuata: baada ya "had" linakuja umbo la tatu la kitenzi, *known, seen, gone, told*, baada ya "would" linakuja umbo tupu, *call, see, go, have*. Wanafunzi wangu wengi walijifunza kosa hili kutoka kwenye filamu. Waliisikia "'d", wakaiandika "would" kwa nia njema kabisa.

Bin Kilindini

Mwalimu nimekusoma, na ile ya "whether" sikuwa naijua. Je, *If I was* na *If I were*? Kazini kwetu bandarini watu hubishana.

Mwalimu wa Chumbageni

Andika *If I were*, *If he were*. Ukisikia *If I was* usimsahihishe mtu, ni ya kawaida katika mazungumzo. Isipokuwa *If I were you*, hiyo imeshika mizizi, usiibadilishe.

Mapokezi Mji Mkongwe

Mwalimu, nimeandika upya barua kwa mgeni anayekuja Ijumaa. Naomba uikague kabla sijampelekea meneja.

*Dear guest, when you arrive at the airport, our driver will be waiting with your name. If your flight is delayed, please send us a message. If we had a free room on Friday morning, we would give you early check-in, but we are full until 2 p.m. Unless you don't need breakfast, it will be served from 7 a.m. Should you require a boat ticket, we will be happy to book it.*

Hiyo "should" ya mwisho nimeiona kwenye barua za hoteli kubwa, sikujua ni ya kundi hili hadi uliposema "had" inaweza kutangulia.

Na kuna moja inanitatiza. Jana boti ilizuiwa kwa sababu ya upepo, na wageni wangu wamekwama Dar. Nataka kusema boti isingezuiwa jana, wangekuwa hapa sasa. Upande mmoja ni jana, upande mwingine ni sasa. Niweke aina ipi?

Mwalimu wa Chumbageni

Barua ni nzuri. Umeweka "when" kwa uwanja wa ndege na "if" kwa kuchelewa, na *If we had* yako imesimama vizuri kabisa mbele ya Ijumaa ambayo bado haijafika. "Should" ni ya kundi hili kweli, na ina heshima kuliko "if" kwa mgeni usiyemjua. Baada yake kitenzi kinabaki umbo tupu, kama ulivyoandika.

Ninachokata ni "unless". Ndani yake tayari mna "kama si", kwa hiyo *unless you don't need* imekanusha mara mbili, na mgeni atasoma kwamba chai inategemea yeye kuihitaji. Tena chai itakuwepo saa moja asubuhi, ahitaji asihitaji, hapo hapana sharti lolote. Andika tu *Breakfast is served from 7 a.m.* "Unless" iweke pale inapofanya kazi: *Unless we hear from you, we will keep the room until 10 p.m.* Tusiposikia kutoka kwako. Na kitenzi chake ni cha wakati uliopo, kama cha "if".

Swali lako la boti ndilo linaloonyesha kwa nini jedwali la skuli halitoshi. Jedwali linakwambia uchague safu moja ushuke nayo. Usichague safu. Kila upande uulize saa yake. Kuzuiwa kulikuwa jana, kumepita, hakubadiliki: hatua mbili nyuma. Kuwa hapa ni sasa: "would" na umbo tupu.

*If the boat had not been cancelled yesterday, they would be here now.*

Kinyume chake pia kinawezekana, sharti likiwa la siku zote na jibu likiwa la jana. Tuseme mgeni hajui Kiswahili, na jana alipotea Darajani: *If he spoke Swahili, he would have asked someone the way.* Kutojua Kiswahili ni kwake jana, leo na kesho, kwa hiyo hatua moja. Kuuliza njia kulikuwa jana, kwa hiyo "would have".

Mkiwasiliana na hao waliokwama Dar, waambie wabebe vitu vya usiku mmoja zaidi kwenye mkoba mdogo, boti isije ikazuiwa tena. Hiyo "isije ika-" kwa Kiingereza si "if", ni "in case": *Please keep one night's things in your hand luggage in case the boat is cancelled again.* Ukiandika *if the boat is cancelled* watasubiri mpaka boti izuiwe ndipo wapange mizigo.

Mapokezi Mji Mkongwe

Ahsante sana mwalimu. Ya "in case" nawatumia sasa hivi, bado wako bandarini wanasubiri tangazo.